Adui Ana Sura Gani?

Siku ya soko Nuu au Mwingi, huko Kitui, mtoto anayeingia kibanda cha vidio hahitaji kuelewa Kiingereza wala Kichina ili ajue nani ni nani. Filamu haijatimiza dakika tano, amekwisha kuwagawa watu mafungu mawili: stelingi, ambaye hafi, na adui, ambaye sharti afe mwishoni. Ameona kipara kinachong'aa, kovu lililokatiza shavu, jicho moja lenye ukungu, jino la dhahabu, na hukumu imetoka. Mara nyingi hakosei.

Kutokosea huko ndiko kunakofaa kuchunguzwa. Mtoto huyohuyo akitoka nje atapita mbele ya mzee mwenye chongo anayeuza ugoro, kijana wa bodaboda mwenye kovu la ajali na susu, yaani bibi, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Hakuna hata mmoja wao aliyemkosea mtu. Alama alizojifunza gizani humo anaziacha mlangoni, au anatoka nazo?

Filamu zimepanga uovu usoni kwa zaidi ya miaka mia moja, na mpango huo umetufikia kutoka Hollywood, Hong Kong, Mumbai na Lagos. Ukiuchunguza vizuri utaona kwamba alama zenyewe hazisemi lolote kuhusu uovu. Zinasema ni nani ambaye mtengenezaji wa filamu alimwona mgeni, mzee, mgonjwa au maskini. Nasi tulizipokea tukiwa na urithi wetu wa hadithi, ambao katika jambo hili ulikuwa na busara kuliko sinema.

Uso kama hati ya mashtaka

Mwaka 2017 jarida la JAMA Dermatology la Marekani lilichapisha utafiti mfupi wa aina yake. Watafiti watatu walichukua orodha ya Taasisi ya Filamu ya Marekani ya mashujaa na waovu mashuhuri wa sinema, wakawatazama kumi wa kwanza wa kila upande kama daktari wa ngozi anavyomtazama mgonjwa. Waovu sita kati ya kumi walikuwa na dosari kubwa za ngozi: upara, weusi kuzunguka macho, makunyanzi mazito, makovu mengi usoni, chunjua, pua iliyofura. Kwa mashujaa kumi hakupatikana hata mmoja mwenye dosari ya kiasi hicho.

Mtindo huu ulianza filamu zilipokuwa bubu. Mwongozaji hakuwa na sauti ya kumsaidia, kwa hiyo uso ulibeba kazi yote. Katika Nosferatu ya F. W. Murnau, iliyotoka Ujerumani mwaka 1922, mwigizaji Max Schreck alipewa kichwa kipara, masikio yaliyochongoka, meno ya panya na kucha ndefu. Mtazamaji alimwogopa kabla hajasogea. Nyuma ya uchaguzi wa namna hiyo kulikuwa na dhana iliyokuwa imevaa joho la sayansi. Mwaka 1876 daktari Mwitaliano Cesare Lombroso alichapisha kitabu kilichodai kwamba mhalifu huzaliwa hivyo, na kwamba anatambulika kwa taya, masikio, paji la uso na urefu wa mikono. Vyuo vikuu vilimtupa Lombroso zamani. Vyumba vya vipodozi vya studio bado vinamtumia.

Angalia mfululizo wa James Bond. Katika You Only Live Twice (1967) adui mkuu, Blofeld, ana kovu linalopita juu ya jicho. Katika Casino Royale (2006) Le Chiffre analia damu kwa jicho moja. Katika No Time to Die (2021) Safin ana uso wenye makovu, Blofeld amerudi na lake, na mmoja wa watu wao ana jicho la bandia. Miaka zaidi ya hamsini, teknolojia yote imebadilika isipokuwa hiyo. Bond mwenyewe hupigwa, huchomwa na huanguka kutoka magorofani, lakini uso wake hupona kabla ya tukio linalofuata.

Hata wanyama hawakusalimika. Wachoraji wa The Lion King (1994) walitembelea mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, kabla ya kuchora mandhari yao. Walirudi na miamba yetu na jua letu, lakini adui waliyemchora hakutoka Naivasha. Scar ni mwembamba, manyoya ya shingo yake ni meusi, jicho lake lina kovu, na hata jina lake ni kovu lenyewe. Simba dume yeyote anayeishi porini ana makovu. Ndugu yake Mufasa, mfalme, hana hata moja.

Sababu ya kwanza ya mazoea haya ni hesabu. Filamu ina dakika tisini. Kumjenga mtu mwovu kwa matendo yake, kwa uongo wake mdogo unaokua na kwa tamaa yake inayojificha nyuma ya ukarimu kunahitaji mwandishi mzuri na muda. Kovu la mpira linabandikwa asubuhi na kuokoa kurasa kumi za mswada. Lakini hesabu haielezi kwa nini ni kovu na si kidevu kizuri, kwa nini ni kipara na si nywele za mawimbi. Hapo ndipo tunapomkuta mtu anayechagua, pamoja na hofu zake.

Meno ya babu zetu

Ukambani inalo jambo lake la kusema hapa. Hadi miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini, vijana wengi wa Kikamba, wa kike na wa kiume, walichonga meno ya mbele yakawa na ncha. Msomi Mswidi Gerhard Lindblom, aliyeishi miongoni mwa Wakamba na kuchapisha kitabu chake mwaka 1920, aliieleza desturi hiyo kwa kirefu. Ilikuwa urembo. Aliyefika ngomani bila kuchongwa ndiye aliyejiona hajakamilika.

Sasa peleka meno hayohayo ng'ambo. Ota Benga, kijana wa Kongo ambaye watu wa kwao pia walichonga meno, alionyeshwa kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka 1904, kisha mwaka 1906 akawekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Meno yake yalitangazwa kuwa ushahidi kwamba alikuwa mla watu. Baadaye sinema ikachukua meno makali na kuyafanya alama ya kiumbe kisicho na utu, kuanzia mnyonya damu wa Ulaya hadi "mshenzi" wa filamu za misituni. Urembo wa kijiji kimoja uligeuka kitisho cha dunia nzima, na meno yenyewe hayakubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni jicho lililoyatazama.

Nywele nazo zina historia ya namna hiyo. Wakati wa vita vya Mau Mau, studio za Uingereza na Marekani zilileta kamera Kenya. Katika Simba ya Brian Desmond Hurst (1955), mpiganaji wa msituni ni kivuli chenye panga kinachotoka gizani, huku Mwafrika mwema, Daktari Karanja aliyeigizwa na Earl Cameron, akivaa suti na kusema Kiingereza safi. Miaka miwili baadaye Something of Value iliwaleta Rock Hudson na Sidney Poitier kwenye mada ileile. Poitier alikuwa na kipaji cha kumpa mhusika wake huzuni na sababu, ila bado msitu, kiapo na usiku vilibaki upande mmoja, na mashamba yenye mwanga upande mwingine.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na picha yake. Dedan Kimathi alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, alipigwa picha akiwa amelala kwenye machela, nywele zimesokotana, ngozi ya chui mwilini. Picha hiyo ilichapishwa kwenye vipeperushi na kusambazwa ili wananchi waone kwamba jitu limeshindwa. Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Nusu karne baadaye, mwaka 2007, sanamu yake ilizinduliwa katikati ya Nairobi, kwenye barabara yenye jina lake, na mchongaji hakumnyoa. Nywele zilizochapishwa ili zitishe ndizo sasa zinazomtambulisha shujaa. Hata hivyo vita vya nywele havikwisha: mwaka 2019 Mahakama Kuu ilibidi iamue kwamba shule ya Nairobi ilikosea kumzuia mwanafunzi Mrasta kuingia darasani kwa sababu ya rasta zake.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi, kwa kuwa mwovu mwenyewe alikuwa mwovu kweli. Rise and Fall of Idi Amin ya Sharad Patel (1981) ilipigwa Kenya, na Mkenya Joseph Olita akaigiza Amin kwa namna iliyomfuata maisha yake yote. Miaka kumi baadaye alimwigiza tena katika Mississippi Masala. Filamu ya Patel ilitegemea mwili: ukubwa, jasho, macho yaliyotoka, nyama ya watu kwenye friji. Watazamaji walitoka wakiamini wamemwelewa Amin. Lakini waulize Waganda walioishi enzi hizo sura ya hofu ilikuwaje. Watakutajia vijana wa State Research Bureau, idara ya ujasusi ya Amin: shati la maua, suruali pana chini, viatu vya soli nene, miwani nyeusi. Walikuwa watanashati. Waliingia baa wakiwa nadhifu, wakamwita mtu kwa jina, wakamfungulia mlango wa gari. Filamu inayoweka uovu wote katika mwili wa mtu mmoja mkubwa inawaacha hawa wapite, pamoja na wote waliowapigia simu kuwachongea majirani.

Mdomo wa kisogoni

Kabla ya kamera, bibi zetu walikuwa na namna yao ya kusimulia uovu, na ilitofautiana na hii ya kioo.

Wakikuyu wanasimulia juu ya irimu, zimwi anayefika kwenye ngoma akiwa kijana mzuri kuliko wote. Wasichana wanamgombania. Mmoja anaondoka naye, na njiani ndipo anapogundua kwamba chini ya nywele, kisogoni, kijana ana mdomo wa pili. Wakamba wana aimu, ambao katika simulizi zilizokusanywa na Lindblom, na baadaye na John Mbiti, mwana wa Kitui, hubadili maumbo wanavyotaka. Wapo wa kutisha wazi, majitu ya mguu mmoja, na hao hakuna anayedanganyika nao. Wanaoogopesha kweli ni wale wanaofanana na watu.

Shuka pwani utakuta mantiki ileile. Mombasa na Tanga, jini anayetajwa sana ni mwanamke mrembo, amejitanda buibui, ananukia udi na asumini. Mwanamume anamfuata, na akitupia jicho chini anaona kwato. Tena ukoo wa hadithi hizi ni ukoo wa methali: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, kikulacho ki nguoni mwako. Funzo lake ni kwamba sura hupotosha, kwa hiyo mtazamaji apunguze haraka. Atazame mgeni anakula nini, anakwepa swali gani, anataka mwende njia ipi.

Nisieleweke kana kwamba zamani palikuwa na haki na sasa kuna sinema tu. Ukambani ilijua kuua kwa tuhuma. Mwaka 1932 mahakama ya kikoloni iliwahukumu kifo wanaume 60 wa Kikamba kwa kumuua mwanamke waliyemshuku uchawi, ingawa baadaye adhabu ilipunguzwa. Lakini angalia tuhuma ilikotoka: mke wa jirani aliugua, na lawama ikamwangukia mwanamke huyo. Ilikuwa dhuluma, ila dhuluma iliyoanzia kwenye uhusiano na ugomvi. Kumtambua mwovu kwa kumwangalia tu usoni, bila hata kumjua jina, ni maarifa ambayo sinema imeyaongezea nguvu.

Lagos, Dar es Salaam na River Road

Filamu zetu wenyewe zimesimama katikati ya urithi huu na ule.

Nollywood, ambayo wengi huhesabu mwanzo wake kuwa Living in Bondage ya mwaka 1992, ilipoingia Kenya na Tanzania kwa kanda na baadaye kwa runinga, ilileta mganga mwenye vazi jekundu, uso uliopakwa chokaa, simbi shingoni na fuvu mezani. Vazi hilo lilisafiri hadi Dar es Salaam na kwa watengenezaji filamu wa River Road, Nairobi, na leo mwigizaji yeyote anayepewa nafasi ya mganga anajua avae nini. Ukienda kwa mtaalamu wa kweli wa dawa za miti huko Ukambani, una uwezekano mkubwa wa kumkuta mzee mwenye koti la zamani, kofia na simu mfukoni. Wakamba walitofautisha mundu mue, anayeagua na kutibu, na muoi, anayeroga. Kwenye filamu wawili hao wamevikwa kitambaa kimoja chekundu. Mganga na mchawi wameunganishwa, na Mkamba amekuwa mzaha wa uchawi kwenye vichekesho vya nchi nzima.

Lakini Nollywood ilileta pia Patience Ozokwor, maarufu kama Mama G. Hana kovu wala jicho la kioo. Uovu wa mama mkwe anayemwigiza umo katika jinsi anavyokaza kanga, anavyofyonya, anavyomwangalia mke wa mwanawe kuanzia miguuni kupanda juu. Ni sura ya mama yeyote wa kanisani. Anaogopesha kwa kuwa kila mtazamaji anamjua mmoja.

Bongo, yaani sinema ya Tanzania, nayo ilichukua jini wa pwani ikampa kamera. Shumileta ya Mussa Banzi (2005) ilimweka katikati ya hadithi mwanamke mrembo asiye binadamu, anayempenda mwanamume wa nchi kavu. Tamthilia za runinga za siku hizi, za Nairobi na za Dar, zimeendeleza njia hiyo: mwovu ni dada mwenye wigi la bei, kucha ndefu na nyumba ya kioo. Hapa pana hatari ya aina nyingine. Kipodozi kimechukua mahali pa kovu, na mwanamke anayejipamba, mwenye pesa zake na asiye na mume, ndiye anayeshukiwa kabla hajafungua mdomo. Alama imegeuzwa upande wa pili, na kazi yake imebaki ileile.

Kuna mtu mmoja katika sinema ya Afrika Mashariki ambaye Hollywood haikumtarajia: msimulizi. DJ Afro nchini Kenya, Lufufu nchini Tanzania, VJ Jingo na VJ Emmie nchini Uganda, wote walikalia filamu za watu na kuziwekea sauti yao. Msimulizi anampa adui jina la mtaani, anamtania upara wake, anatabiri kifo chake. Wakati mwingine anazidisha ukatili wa alama: mwenye chongo anaitwa chongo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini pia anaweza kuiharibu hila ya mwongozaji. Katika Who Killed Captain Alex?, filamu ya mwaka 2010 ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, VJ Emmie anapiga kelele juu ya mapigano yote, akiwasifu na kuwacheka majambazi na makomando kwa pamoja. Vicheko vya namna hiyo vinamkumbusha mtazamaji kwamba adui ni kijana wa jirani aliyevaa nguo za kuazima. Msimulizi mwenye akili angeweza kufanya kazi ambayo wahakiki hawafanyi, kwa kuwa yeye anasikilizwa.

Wanaolipa

Kila alama ambayo sinema imeipa adui ina sababu zake katika maisha ya watu.

Macho mekundu ya bibi wa kijijini ni moshi wa mafiga matatu katika jiko lisilo na dirisha, miaka hamsini mfululizo. Makovu ya moto usoni mara nyingi ni ya uji uliomwagika utotoni, au ya kifafa kilichomwangusha mtu motoni. Meno ya kahawia ya watu wa Nakuru, Arusha na Kilimanjaro ni floraidi iliyo katika maji ya huko. Kovu la kidevu la kijana wa Kitui ni bodaboda na lami mpya. Wahenga walilifupisha: hujafa, hujaumbika.

Pale jamii inaposahau sababu hizi, hesabu inakuwa ya damu. Usukumani, Tanzania, wanawake wazee waliuawa kwa miongo mingi, na macho mekundu yalihesabiwa dalili ya uchawi. Kilifi, mvi ndizo zilizogeuka hatari. Wazee wamekatwa mapanga, wengine wakapaka piko nywele ili waonekane vijana, na wengine wakakimbilia hifadhi ya Kaya Godoma huko Ganze. Oktoba 2021, eneo la Marani, kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma hizohizo. Filamu haikuanzisha imani hizi, na atakayeibebesha sinema mauaji hayo peke yake atakuwa anawafunika wauaji. Kilifi kwenyewe wazee na watetezi wao wamesema mara kwa mara kwamba nyuma ya tuhuma hukaa shamba, na nyuma ya shamba hukaa mwana au mpwa anayetaka kuuza. Mtu huyo hana alama usoni. Anachohitaji ni kijiji kilichozoea kuamini kwamba mvi na macho mekundu vinatosha kuwa ushahidi, na kila filamu yenye bibi mchawi wa macho mekundu inamwongezea mashahidi.

Watu wenye ualbino wamelipa pia. Katika The Da Vinci Code (2006) muuaji Silas ana ualbino. Miaka mitatu kabla, katika The Matrix Reloaded, mapacha wauaji walipewa weupe uleule. Ualbino kwa kawaida huambatana na uoni hafifu, kwa hiyo muuaji wa namna hiyo angehangaika kumwona anayemlenga. Studio haikujali, maana ilichotaka ni ngozi. Miaka hiyohiyo Tanzania ilikuwa ikizika watu waliouawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina, zaidi ya 70 kuanzia mwaka 2000. Filamu ya White Shadow ya Noaz Deshe (2013), iliyopigwa Tanzania, iligeuza kamera: kijana mwenye ualbino, aliyeigizwa na Hamisi Bazili, ndiye tunayekimbia naye, na wanaowinda ni watu wa kawaida kabisa. Kenya iliwahesabu watu wenye ualbino kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019, wakapatikana 9,729. Mumbi Ngugi amekaa kwenye kiti cha jaji, Isaac Mwaura ameingia bungeni. Filamu za Kenya bado zina deni la kuwapa wenzao nafasi ambayo ualbino si mada.

Marufuku au mswada bora?

Uingereza imejaribu dawa moja. Mwaka 2018 Taasisi ya Filamu ya Uingereza, BFI, ikiunga mkono kampeni ya shirika la Changing Faces, ilitangaza kwamba haitatoa tena fedha kwa filamu ambamo makovu usoni ndiyo alama ya uovu. Kati ya filamu zilizopata fedha zake ni Dirty God (2019), ambamo Vicky Knight, aliyeungua kweli utotoni, aliigiza mama kijana anayejifunza kuishi na uso wake mpya. Mwaka 2020 kampuni ya Warner Bros iliomba radhi baada ya The Witches kuwapa wachawi wake vidole vitatu, na watu waliozaliwa na mikono ya namna hiyo kulalamika.

Kenya inacho chombo ambacho kingeweza kuiga hatua hiyo. Bodi ya uainishaji wa filamu, KFCB, hupanga filamu katika madaraja ya GE, PG, 16 na 18, ikipima ukatili, ngono, matusi, dawa za kulevya na mambo ya uchawi. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutotajwa kwa namna ya kumdhalilisha. Wakili mwepesi angeunganisha vitu hivyo viwili akaomba marufuku.

Ningemshauri asiombe. Bodi inayopewa mamlaka ya kukagua makovu leo itakagua mengine kesho, na wasanii wa Kenya wanajua mkasi wa bodi unavyokata. Isitoshe marufuku yangemnyima mwigizaji mwenye kovu hata nafasi ya kuigiza mtu mbaya mwenye akili na sababu, nafasi ambayo mwigizaji yeyote huitamani. Njia ya BFI ni bora kuliko marufuku, kwa kuwa inagusa fedha inazozitoa yenyewe bila kumfunga mdomo mwingine. Tume ya Filamu ya Kenya na serikali za kaunti zinazodhamini filamu zinaweza kuuliza swali hilo katika fomu ya maombi: adui wako anatambulikaje?

Dawa ya kudumu, hata hivyo, iko kwenye mswada, na tayari tunao mfano. Katika Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga (2012), Mwas anafika jijini akitamani kuwa mwigizaji, anaangukia kwenye genge la wezi. Kwa sheria za sinema, Oti, kiongozi wa genge hilo, na wenzake wangepaswa kuwa nyuso za kutisha. Badala yake ni vijana wanaocheka, wanaogombania pesa, wanaoogopa. Hofu kubwa ya filamu inaingia kwa mlango wa maafisa wa polisi waliovaa kiraia, wanaodai mgawo wao kwa sauti ya chini na kuua bila hasira. Hakuna mpambaji aliyewapa kovu. Norman Bates wa Psycho ya Hitchcock, mwaka 1960, alikuwa kijana mwenye haya na tabasamu. Filamu hizi zinamlazimisha mtazamaji kufuata matendo, kama msichana wa kwenye ngoma alivyopaswa kukitazama kisogo.

Mwongozaji wa Ukambani anayetaka adui hana haja ya kwenda mbali. Kitui imekuwa na vita vya mchanga na makaa kwa miaka mingi, hata gavana Charity Ngilu akapiga marufuku biashara hizo kutoka nje ya kaunti mwaka 2018. Mito imechimbwa usiku hadi maji yakazama chini, akina mama wakaongeza mwendo wa kutafuta mtungi mmoja. Wanaopakia malori ni vijana wenye vumbi, mikono yenye sugu na makovu ya sepetu, na kamera iliyozoea vibaya itawakimbilia hao. Mwenye lori ana shati lililopigwa pasi. Anachangia harambee ya kanisa, anakumbuka majina ya watoto wa watu, na akisimama kuhutubia anapigiwa makofi. Hadithi yake ni ngumu kuiandika kwa sababu lazima mwandishi ajue bei ya lori moja, ajue simu inapigwa kwa nani lori likizuiliwa, ajue nani analipwa anyamaze. Kovu lingemwondolea kazi yote hiyo, na ndiyo maana filamu mbovu hulipenda.

Tutajua filamu zetu zimekomaa kwa kipimo kilicho rahisi kukishika. Mwigizaji mwenye kovu, chongo, ualbino au mvi nyingi apewe nafasi ya mwalimu, mpenzi, mwanasheria au hata tapeli, na hadithi isisimame kueleza sura yake ilikotoka. Waongozaji watakaofanya hivyo watalazimika kumtafutia adui wao ushahidi mwingine, na ushahidi huo hupatikana katika matendo tu.